LAMI YA WEMBERE: TUSIUZIWE MBUZI KWENYE GUNIA

Na Mwandishi Wetu, Singida

Msimu wa alizeti una kawaida yake hapa Singida. Fedha ikishaingia mifukoni mwa watu, wenye mipango ya kuitoa nao huingia mjini. Msimu uliopita aliingia mmoja akiwa na bonge jeusi lenye ukubwa wa ngumi, amelifunga kwenye gazeti. Alilipitisha kwa wafanyabiashara watatu wa nafaka na kuwaeleza kwamba ni lami ya asili iliyotoka ukingoni mwa bonde la Wembere, kwamba iko ya kutosha kujenga barabara zote za Kanda ya Kati, na kwamba kilichobaki ni mchango wa kukata leseni kabla wakubwa hawajasikia.

Mmoja wa wafanyabiashara hao ni msomaji wa ukurasa huu, naye aliniita nilitazame. Mimi si mtaalamu wa miamba. Nilichosomea ni biashara. Lakini kupima lami hakuhitaji maabara. Tuliomba kipande kidogo, tukakitia kwenye chupa yenye mafuta ya taa na kukiacha hadi kesho yake. Mafuta yakageuka meusi, jambo linaloonyesha kwamba ilikuwa lami kweli. Chini ya chupa zikabaki kokoto: zenye kingo kali, za ukubwa mmoja, zilizopondwa kwa mashine. Bonge lile halikutoka kwenye mwamba wowote wa Wembere. Lilikuwa lami iliyomwagika na kuganda kwenye kambi fulani ya ujenzi wa barabara.

Bahati nzuri hakuna aliyekuwa ametoa shilingi. Hata hivyo, tujiulize: kama bonge lile lingekuwa la asili kweli, je, wafanyabiashara wale wangefanya vema kutoa fedha zao? Jibu langu ni hapana, na sababu zake ni za kibiashara kabla hazijawa za kijiolojia. Historia ya lami ya kuchimbwa duniani inaonyesha kwamba kuwa na mali ardhini ni jambo moja, na kuwa na bidhaa sokoni ni jambo jingine. Somo hilo linafaa kwa lami ambayo Singida haijaiona, na linafaa zaidi kwa jasi ambayo Singida inayo.

MAFUTA YALIYOZEEKA

Watu wengi wakisikia lami hufikiri moja kwa moja pipa jeusi la mkandarasi. Lami hiyo hutoka kwenye mitambo ya kusafisha mafuta ghafi. Mtambo ukishatoa petroli, mafuta ya taa na dizeli, chini hubaki uzito mweusi, na huo ndio unaotengenezewa lami ya barabara.

Lami ya asili hutokana na kazi hiyo hiyo, ila inafanywa na maumbile kwa maelfu au mamilioni ya miaka. Mafuta yaliyo chini hupanda kupitia nyufa hadi karibu na uso wa nchi. Sehemu zake nyepesi huruka hewani, vijidudu hula nyingine, na kinachosalia ni uzito mweusi. Uzito huo unaweza kukaa kama ziwa, kunywewa na mchanga au chokaa, au kujaza ufa na kuwa mshipa mgumu mithili ya makaa ya mawe.

Kutokana na asili yake hiyo, lami haitafutwi popote. Mafuta huzaliwa katika miamba ya mashapo, yaani tope na mchanga uliotuama majini pamoja na mabaki ya viumbe. Sehemu kubwa ya Singida imekaa juu ya matale ya kale sana, na mawe makubwa tunayoyaona pembeni mwa ziwa Singidani na ziwa Kindai ni ushahidi wa kutosha. Mawe ya namna hiyo hayazai mafuta. Mahali pekee mkoani penye mashapo ya kuzungumziwa ni mabonde, hasa lile la Eyasi na Wembere upande wa Iramba na Mkalama. Ndiyo maana mwenye bonge lake alilitaja bonde hilo. Muuza uongo mzuri huuchanganya na ukweli kidogo.

WALIOICHIMBA WALIPATA NINI

Dunia inayo machimbo ya lami ya asili, na baadhi yametengeneza fedha kwa zaidi ya karne. Maarufu kuliko yote ni ziwa la lami la La Brea, katika kisiwa cha Trinidad. Lina ukubwa wa hekta kama 40, kina cha karibu mita 75, na hukadiriwa kuwa na tani milioni 10. Mwaka 1595 Mwingereza Walter Raleigh aliitumia lami yake kuziba merikebu zake. Biashara yenyewe ilianza mwaka 1867, na mwaka 1876 lami hiyo iliwekwa kwenye barabara ya Pennsylvania mjini Washington, inayopita mbele ya ikulu ya Marekani.

Msomaji atambue mambo mawili kuhusu Trinidad. La kwanza, lami inayotolewa ziwani si safi; theluthi moja hivi ni maji, na udongo wake nao ni mwingi, hivyo lazima ichemshwe na kuchujwa ndipo iuzwe. La pili, ziwa liko hatua chache kutoka baharini. Meli ikija hupakia na kuondoka. Laiti ziwa hilo lingekuwa kilometa 700 kutoka bandarini, sidhani kama Washington wangelisikia.

Huko Utah, Marekani, iko lami ngumu iitwayo gilsonite, iliyopewa jina la Samuel Gilson aliyeitafutia soko katika miaka ya 1880. Imekaa kwenye mishipa iliyosimama wima, na wachimbaji hushuka na nyundo za upepo. Gilsonite imedumu sokoni kwa sababu haikushindana na lami ya kawaida kwa bei. Ilitafuta kazi ambazo lami ya kawaida haiziwezi vizuri: wino wa kuchapia magazeti, rangi, na tope maalumu la kuchorongea visima vya mafuta. Kwa lugha ya biashara, ilikimbia soko la jumla ikaingia soko dogo lenye bei nzuri.

Wengine hawakuwa na bahati hiyo. Bonde la Travers nchini Uswisi lilikuwa na jiwe la chokaa lililolowa lami, lililogunduliwa mwanzoni mwa karne ya 18 na kuuzwa katika miji mingi mikubwa. Mgodi huo ulifungwa mwaka 1986, na leo wanaoingia humo ni watalii.

Mfano unaotuhusu zaidi ni wa Indonesia. Kisiwa cha Buton kina mamia ya mamilioni ya tani za mwamba wenye lami, na uchimbaji ulianza katika miaka ya 1920. Ungetegemea nchi hiyo isiagize hata pipa moja kutoka nje. Lakini mwezi Septemba 2022, takriban miaka 100 baadaye, Rais Joko Widodo alikwenda Buton na kutangaza kwamba nchi yake lazima iache kuagiza lami, kwa maana kwamba mpaka siku hiyo ilikuwa inaagiza sehemu kubwa ya mahitaji yake. Mali ilikuwepo, wachimbaji walikuwepo, barabara za kujengwa zilikuwepo. Kilichopungua ni namna ya kuitoa lami ndani ya mwamba na kuifikisha kwa mkandarasi kwa bei isiyozidi ile ya pipa la nje.

Kilichoipokonya lami ya asili soko la barabara hakikuwa kwisha kwake ardhini. Ni kuzidiwa bei. Magari yalipoongezeka, mitambo ya mafuta nayo ikaongezeka, na kila mtambo ukawa na masalio meusi ya kuuza. Kufikia mwaka 1907 lami ya mitambo ilikwishaipita lami ya asili katika soko la Marekani. Mwenye mtambo kazi yake ni petroli na dizeli. Lami kwake ni masalio, na anaweza kuyauza kwa bei ambayo mchimbaji aliyetumia jembe, baruti na mafuta ya lori hawezi kuifikia.

HESABU YA TANI NA KILOMETA

Tuache habari za nje, tushike kalamu. Barabara yenye upana wa mita 7 ikiwekwa zege la lami lenye unene wa sentimeta 5, kila kilometa moja hutumia tani 800 na zaidi kidogo za mchanganyiko. Kati ya hizo, lami yenyewe ni kama asilimia 5, yaani karibu tani 40. Zinazobaki ni kokoto na mchanga. Barabara ya kilometa 100 basi inahitaji tani 4,000 za lami, ambazo ni safari 130 na ushei za semi-treila la tani 30.

Hili ni soko, hakuna anayekataa. Lakini tuchukue mwamba wa asili wenye lami asilimia 10. Ili kumpatia mkandarasi tani 40 za lami kwa kilometa moja, lazima umpelekee tani 400 za mwamba. Kwa mfano tu, tuseme nauli ya tani moja kwa masafa fulani ni shilingi 100,000. Lami ya pipa italipa shilingi 100,000 kwa tani. Lami ya mwamba italipa shilingi milioni moja kwa kiasi kile kile, kwa kuwa umebeba tani tisa za mawe pamoja na tani yako moja ya mali.

Mtetezi atasema kwamba yale mawe nayo ni kokoto, hayapotei. Ni kweli, na katika nchi isiyo na mawe hoja hiyo ina uzito. Lakini hapa ni Singida! Hakuna mkandarasi mwenye akili timamu atakayelipia nauli ya kuleta mawe Singida.

Mkoa huu unalielewa somo la uzito na thamani tangu zamani. Dhahabu ya Sekenke ilitoka Iramba wakati wa Wajerumani, na mwaka 1916, vita ikiwa imewabana, waliitumia kutengeneza sarafu za rupia 15 mjini Tabora. Dhahabu inaweza kutoka popote, hata porini kusiko na barabara, kwa sababu thamani ya mwaka mzima inaingia kwenye sanduku moja. Madini ya viwandani hayako hivyo. Jasi, chokaa, chumvi, udongo wa vigae na lami vyote huishi au kufa kwa nauli. Mwekezaji mdogo anayetoka kwenye dhahabu na kuingia madini ya viwandani akiwa na hesabu zile zile za dhahabu ataumia.

UPANDE WETU WA DUNIA

Je, Afrika Mashariki haina lami ya asili kabisa? Inazo dalili. Katika bonde la Rufiji, mkoani Pwani, kilima cha Wingayongo kina mchanga uliolowa lami. Kisiwani Pemba, Tundaua, mafuta hujitokeza yenyewe. Kando ya ziwa Albert nchini Uganda, sehemu za Kibiro na kwingineko, mjiolojia Wayland aliandika habari za mafuta yanayovuja tangu miaka ya 1920. Uganda ilikuja kuthibitisha mafuta ya biashara mwaka 2006, yaani miaka 80 hivi baadaye.

Majirani zetu wa Madagaska wana mchanga mwingi wa lami huko Bemolanga. Kampuni ya Total ya Ufaransa iliingia huko mwaka 2008 kwa nia ya kuuchimba, ikachoronga, ikapiga hesabu, kisha ikaachana na mpango huo. Kampuni yenye mtaji wa ukubwa ule ikishindwa kuona faida, mwenye mtaji wa magunia 200 ya alizeti ana haki ya kusita.

Kuhusu Wembere, yanayojulikana ni haya. Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, limekuwa likitafiti mafuta katika bonde la Eyasi na Wembere, linalogusa Singida na mikoa jirani. Limepima kwa ndege na kuchoronga visima vifupi vya kusoma miamba. Huo ni utafutaji. Utafutaji si ugunduzi, na ugunduzi nao si uzalishaji. Na hata siku mafuta yakipatikana, hayatakuwa lami ya kuchotwa kwa koleo.

Wako pia wanaochanganya jambo hili na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima kwenda Chongoleani, Tanga, ambalo katika kilometa zake 1,443 njia yake inapita Singida. Mafuta hayo ni ya kupita. Hayasafishwi hapa, na pasipo mtambo wa kusafisha hakuna masalio ya kutengenezea lami. Mtambo wetu wa TIPER pale Kigamboni uliacha kusafisha mafuta mwishoni mwa miaka ya 1990. Tangu hapo lami ya barabara zetu ni ya kuagiza, na bei yake inafuata mambo mawili ambayo Singida haina mamlaka nayo: mafuta ghafi na dola.

LESENI GANI?

Hapa ndipo pale penye mtego mkubwa kwa mwekezaji mdogo, na ningeomba pasomwe mara mbili.

Yule bwana wa bonge alikuwa anachangisha fedha za leseni ndogo ya uchimbaji, ile ambayo Mtanzania huombea kwenye ofisi ya madini ya mkoa. Lakini Sheria ya Madini ya mwaka 2010 inapoeleza maana ya madini, inaiweka petroli nje. Na katika Sheria ya Petroli ya mwaka 2015, petroli ni haidrokaboni yoyote ya asili, iwe gesi, kimiminika au kitu kigumu. Lami ya asili ni haidrokaboni. Kwa hiyo hata kama mlima mzima wa Wembere ungekuwa lami tupu, leseni ndogo ya madini isingekupa haki ya kuigusa. Mambo yake yangekuwa chini ya TPDC na mamlaka ya udhibiti ya PURA, si kwenye dawati unalokatia leseni ya dhahabu au jasi.

Maana yake ni kwamba mwenye kukuuzia hisa ya leseni ya lami anakuuzia karatasi isiyofunika mali iliyotajwa. Inawezekana naye hajui. Lakini kutojua kwake hakutarudisha fedha yako.

MALI ILIYOPO: JASI YA ITIGI

Baada ya kukataa yote hayo, haki inanitaka niseme fedha ya mwekezaji mdogo wa Singida iende wapi kama anataka madini ya viwandani. Aangalie Itigi, wilayani Manyoni, iliko jasi, ambayo mafundi wa dari wameizoea kwa jina la jipsamu.

Jasi hiyo iko karibu na uso wa nchi. Leseni yake ni ya madini, na Mtanzania mwenye mtaji mdogo anaruhusiwa kuiomba. Mnunuzi wake anajulikana: kila kiwanda cha saruji kinahitaji jasi ili saruji isigande upesi mno ikichanganywa na maji. Kiasi chake ni kati ya asilimia 3 na 5. Kiwanda kinachosaga tani milioni moja za saruji kwa mwaka kinahitaji tani 30,000 hadi 50,000 za jasi. Linganisha na tani 4,000 za lami kwa kilometa 100 za barabara, ambayo ikishakamilika mkandarasi anafungasha na kuondoka. Kiwanda cha saruji kinanunua mwaka huu, mwakani na mwaka wa kesho kutwa.

Tena Itigi imekaa kwenye reli ya kati, na barabara ya lami inaiunganisha na Manyoni. Mwaka 2016 Serikali ilitangaza kuzuia uagizaji wa makaa ya mawe na jasi kutoka nje ili viwanda vinunue vya ndani. Nasema haya bila kusahau kwamba amri ya kuzuia bidhaa za nje ni kivuli cha mvule: ni kizuri wakati kipo, lakini jua halikai mahali pamoja. Anayejenga biashara ya jasi juu ya amri peke yake atakuwa kama Buton, ana mali nyingi na bei isiyoshindana.

Kwa hiyo jasi nayo ipitishwe kwenye mtihani ule ule ulioiangusha lami ya asili. Usafi wake ni asilimia ngapi, na nani amepima? Ukibeba tani 30 zenye udongo tani 9, umelipia nauli ya udongo. Masika mashimo yakijaa maji, utakuwa na shehena juu ya ardhi au utamwambia mnunuzi asubiri? Lori linalokwenda Dar es Salaam na jasi linarudi na nini? Mwenye kupata mzigo wa kurudi, iwe bati, saruji au mbolea, ameshagawa nauli yake mara mbili na kumzidi jirani anayerudi mtupu. Hapo ndipo ilipo faida ya madini ya viwandani, na mfanyabiashara wa nafaka wa Singida, aliyezoea kupanga malori, anaweza kuipata kuliko mtaalamu wa miamba.

Na kwa yule ambaye moyo wake umeshikwa na lami tu, iko fedha ya halali pembeni mwake. Barabara ya kutoka Mkiwa kupitia Itigi na Rungwa hadi Makongolosi ni ndefu, na inajengwa kwa vipande. Kila kipande kina mkandarasi anayehitaji kokoto, mchanga, maji, chakula cha vibarua na malori. Hata pipa la lami likiisha lina bei. Fundi wa mabati hulipasua na kulifanya jiko au mlango wa banda. Tahadhari ni moja: wakandarasi wakicheleweshewa malipo yao, nao huwachelewesha wanaowauzia. Usimkopeshe mkandarasi fedha ambayo mwezi ujao unaihitaji kununulia alizeti.

OMBI KWA WAHUSIKA

Sitaki kuwaachia wafanyabiashara mzigo wote. Uvumi hustawi mahali ambapo taarifa haifiki. TPDC imekuwa ikifanya kazi Wembere, magari yake yameonekana, wananchi wameona mitambo, lakini maelezo ya kilichopatikana huishia kwenye ripoti na hotuba. Ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi, uliobandikwa kila ofisi ya kata ya Iramba na Mkalama, ukieleza nini kimepimwa, nini hakijajulikana, na ni leseni gani haziuzwi kwa mtu binafsi, ungeokoa fedha nyingi za wakulima. Ofisi ya madini nayo ibandike majina ya leseni hai za jasi, ili anayetaka kuingia ubia ajue anazungumza na mwenye mali au na dalali wa hewa.

Kwetu sisi tunaotafuta pa kuweka akiba, kipimo ni maswali manne, nayo yanaingia nyuma ya bahasha: mali imepimwa na nani, sheria inaniruhusu, nani ananunua, na nauli inabakiza nini? Jibu moja likikosekana, fedha ibaki kwenye alizeti. Alizeti haijawahi kumtajirisha mtu kwa usiku mmoja, lakini kila mtu hapa anajua bei yake, mnunuzi wake na uzito wa gunia lake.

Nasikia mwenye bonge jeusi ameelekea Nzega. Wasomaji wetu wa huko wamkaribishe, wampe kiti, na waweke chupa ya mafuta ya taa mezani.